Maboksi Matatu Yaliyobaki Stoo

Siku niliyoripoti kazini katika karakana ya magari ya serikali mjini Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Nilivaa ovaroli ya kiwanda cha kubangulia korosho, kiwanda ambacho kilikuwa kimeshafungwa na popo wamehamia ndani. Kule nilichomelea mabomba na kunyoosha shafti kwa miaka kumi na mitano, kisha asubuhi moja tukaambiwa turudi majumbani. Kwa hiyo karakana ilinipokea kama mwanafunzi, mikononi mwa watu ambao wengi wao niliwazidi umri.

Fundi Mkuu wa wakati ule, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alinipa jeki na kipande cha ubao. Akanionyesha tela la maji lililoegeshwa ukutani.

"Linyanyue," akasema. "Toa gurudumu, lirudishe. Halafu uje uniambie ulichokiona."

Nikafanya hivyo. Nikaenda kumwambia sikuona kitu.

"Basi fanya tena."

Nilifanya mara tatu. Mara ya tatu ndipo nikaona kwamba springi za upande wa kushoto zimelala kuliko za kulia, na tairi la kushoto limelika ukingo wa ndani. Nikamwambia, "Mzigo umekaa upande mmoja."

"Sasa umeanza kazi, Bakari," akanijibu, akaendelea kunywa chai yake.

Nawaeleza haya vijana mnaofanya kazi hii sasa kwa sababu mna mashine ambazo sisi hatukuwa nazo, na mna mazoea ya kuangalia injini tu. Tela halina injini, halilii, halitoi moshi. Kosa lake haliinui sauti. Ukitaka kulijua lazima ulitazame lilivyosimama, kama mwalimu anavyomtazama mtoto anayeumwa asiyetaka kusema.

Mwaka wa pili nilipelekwa kambi ya barabara upande wa Kilambo, karibu na mto Ruvuma unapokaribia kuingia baharini. Ilikuwa kambi ya mahema na mbu. Mkubwa wetu alikuwa Msimamizi wa Barabara, mtu wa bara, mchangamfu, ambaye alipenda kuketi mbele na dereva na kuimba. Kule ndiko nilikojifunza kwa macho yangu mambo ya uzito. Tulikuwa na pikapu, na nyuma yake tela dogo la magurudumu mawili la kubebea mapipa ya maji. Siku moja vibarua walipakia mapipa yote nyuma ya ekseli, ule mti wa chuma unaoshika magurudumu, kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa na mlango na hawakutaka kuyasukuma mbele. Niliwaona wakiondoka. Kwenye mteremko tela lilianza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka likaivuta pikapu kwa kiuno na kuilaza ubavu. Msimamizi alivunjika mfupa wa bega. Hatukusikia tena nyimbo zake.

Niliporudi Mtwara nilimwuliza Fundi Mkuu sababu. Akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Tela la magurudumu mawili, akasema, ni kama bembea. Ukilemea nyuma, pua yake inataka kupaa, haining'inii vizuri kwenye ndoana ya gari, na mkia unakuwa huru kucheza. Ukilemea mbele mno, unalikalia gari mgongoni, matairi yake ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haushiki. Kwa hiyo pua iwe nzito, lakini kwa kiasi. Yeye alitumia kipimo cha moja kwa kumi. Tela zima likiwa na kilo mia saba, puani kuwe na kilo sabini. Kipimo hicho nilikishika kama mtu anavyoshika sura ya kwanza ya kitabu cha dini yake.

Fundi Mkuu alistaafu, na nafasi ya kuamua mambo ikabaki kwa Mkuu wa Karakana, bwana nadhifu aliyepanga kalamu tatu mfukoni mwa shati. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa wakubwa wake, nasi tulimwogopa yeye.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini lililetwa tela ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lilikuwa nyumba ndogo ya kuvutwa, nyeupe, ya bati jepesi, yenye dirisha la mbele na mapazia ya maua. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walikuwa wakichunguza fukwe upande wa Msimbati, wakaishi humo viangazi viwili, na walipoondoka wakaliacha kwa serikali. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, meza ya kukunja na sinki. Tuliambiwa tuligeuze liwe kliniki ya kutembea, liende vijiji visivyo na zahanati: kupima wajawazito, kuchanja watoto, na ikibidi, kuzalisha.

Muuguzi aliyepewa kazi hiyo aliitwa Sista Skolastika. Alikuwa Mngoni wa Songea, mkunga mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Alikuja karakana siku ya kwanza na futi ya fundi cherehani shingoni, akapima mlango.

"Fundi Bakari, mama mwenye uchungu atapitaje hapa?"

"Atainama kidogo, Sista."

"Wewe ukiwa na uchungu wa kuzaa utainama?"

Vijana wa karakana walicheka sana. Nami nilicheka. Siku hiyo nilianza kumpenda kama dada yangu.

Tulifanya kazi wiki tano. Tuling'oa vitanda, meza na sinki. Sakafu ilikuwa ya mbao laini, imeoza pembeni, nikaiondoa yote na kuweka vyuma vya engo, vile vyenye umbo la pembe, juu ya chesisi, ile fremu ya chini, kisha plaiwudi nene. Mlango wa ubavuni tuliuziba kwa bati na misumari ya ribiti, nikafungua mlango mpana nyuma, wenye ngazi mbili. Pipa la maji nililining'iniza chini ya sakafu, juu ya ekseli kabisa, kwa kuwa mzigo uliokaa juu ya ekseli hauinui pua wala hauikandamizi. Jokofu la gesi la chanjo liliwekwa mbele. Kitanda cha kuzalia ilibidi kikae nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ndiko mama angeingizwa. Chini ya kitanda nikatengeneza kabati, na hiyo ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kuweka dawa.

Kupima, tulikwenda ghala la korosho la chama cha msingi nje kidogo ya mji, tukaazima mizani yao ya kupimia magunia. Mnapima mara tatu: gurudumu la kushoto juu ya mizani na la kulia juu ya mbao zenye kimo kilekile, kisha mnageuza, kisha mnapima pua peke yake. Jumlisha, ndio uzito wote. Tulipima tela likiwa na kila kitu ndani, pamoja na maboksi manne ya maji ya dripu ambayo Sista aliyapanga mwenyewe kabatini. Mia saba na ishirini. Puani, thelathini na nane.

Niliona tena ile pikapu imelala ubavu.

Dawa yake niliijua. Ekseli ingesogezwa nyuma kiasi cha shubiri moja; nyuma kungepungua, pua ingepata uzito wake. Ilitaka kukata vishikizo vya springi, kuvichomelea upya, kuimarisha chesisi. Siku kumi, labda kumi na mbili. Nikamwendea Mkuu wa Karakana.

"Siku kumi?" akasema. "Bakari, mgeni rasmi anakuja Jumatatu kukata utepe. Unataka nimwonyeshe tela lisilo na magurudumu?"

"Mkia ni mzito, mzee."

"Basi punguza mzigo. Hiyo nayo si kazi ya kitaalamu?"

Ningeweza kubishana. Ningeweza kusema, tukate utepe Jumatatu, Jumanne lirudi karakana. Neno hilo lilinijia jioni, nikiwa nyumbani Mtawanya nakata kuni, na kesho yake sikulisema. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano mwenye watoto sita, nilishafukuzwa na kiwanda mara moja, na nilijizoesha kuitikia.

Nikamwambia Sista Skolastika apunguze maboksi. Aliniangalia kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Fundi, haya ni maji tu kwako. Mama akivuja damu, haya ndiyo yanayomshika mpaka afike hospitali. Mtoto akiharisha, ni haya haya."

"Najua, Sista. Lakini tela likipinduka njiani hakuna atakayepona. Wala wewe."

"Nibakize mangapi?"

"Moja."

Aliyagusa maboksi kwa kidole, yote manne. Kisha akainama, akatoa maboksi matatu, moja moja, akayabeba mwenyewe kuyarudisha stoo ya dawa. Nilitaka kumsaidia, akasema hapana. Tukapima tena. Kwa boksi moja, na kwa kusogeza jokofu karibu kabisa na ukuta wa mbele, pua ilifika hamsini na tano. Haikuwa moja kwa kumi, lakini ilitosha kwa mwendo wa taratibu. Nikaandika kwenye kitabu cha karakana na kutia sahihi.

Safari ya kwanza nilikwenda nao, kwa amri ya Mkuu wa Karakana, kulitazama tela likiwa njiani. Tulikuwa watatu katika gari lililolivuta: dereva, Sista na mimi. Siku ya kwanza tulikuwa Nanyamba, siku ya pili kijiji cha mbele yake, siku ya tatu tukaelekea upande wa Mpapura. Barabara ilikuwa na mashimo na mchanga, na tela lilikuja nyuma yetu limenyooka kama uzi. Kila tuliposimama nilikwenda kugusa bering kama zimepata moto, nikakaza bolti, nikatazama springi. Zilikuwa sawa kushoto na kulia. Nataka mwelewe kwamba nilikuwa na furaha. Nilijiona fundi.

Kwenye kile kijiji cha pili kulikuwa na watoto wengi wenye kuharisha. Sista alitumia karibu boksi zima kwao. Waliokuja wamelegea waliondoka wanalia kwa nguvu, jambo ambalo lilimfurahisha sana. Tulipofika kijiji kilicho karibu na Mpapura, kabatini zilikuwa zimebaki chupa tatu.

Kiasi cha saa nne asubuhi akaja mwanamume anasukuma baiskeli, na mkewe ameketi kwenye keria ameshika tumbo. Mwanamume huyo aliitwa Selemani, mkulima wa korosho na mihogo. Mkewe aliitwa Somoe. Mama mzazi wa Somoe alikuja nyuma yao kwa miguu, amebeba kanga mbili mpya zimekunjwa. Somoe alipanda zile ngazi mbili nilizozichomelea bila kuinama, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Nilikuwa chini ya tela nakaza yubolti zinazoshika springi niliposikia mtoto analia. Wanawake waliokuwa foleni wakapiga vigelegele. Selemani alikuwa ameketi juu ya jiwe. Akasimama, akaketi tena, akafunika uso kwa kofia yake. "Binti," mama mkwe akamwambia kutoka mlangoni. "Binti, Selemani."

Haukupita muda mrefu. Juu ya kichwa changu, kwenye ile plaiwudi, nikasikia miguu ya Sista inakwenda haraka. Kisha akaniita kwa jina, si "fundi". "Bakari! Fungua tela kwenye gari! Tunampeleka Mtwara!"

Nilichomoa pini ya ndoana, nikashusha mguu wa mbele, gari likawa huru. Tulimtoa Somoe na godoro lake. Damu ilikuwa imeshapita kwenye godoro. Sista alikuwa amemwekea chupa ya kwanza na ilikuwa nusu. Tulimlaza kwenye sakafu ya nyuma ya gari, mama yake akakaa kichwani na mtoto kifuani kwake, Sista akapiga magoti ubavuni akikandamiza tumbo kwa ile mikono yake. Mimi nikaketi juu ya tairi la akiba, nyuma ya kiti cha dereva, nikashika chupa juu. Selemani hakupata nafasi. Tulipogeuka nilimwona anapanda baiskeli yake kutufuata.

Nilishika chupa ya pili. Nilishika ya tatu. Somoe alikuwa na macho mazuri, yaliyotulia, akauliza mara moja kwa Kimakonde kama mtoto amefunikwa. Mama yake akamjibu kwamba amefunikwa. Chupa ya tatu ilipobaki kidole kimoja Sista aliniambia niipunguze mwendo, nami nikabana ule mpira kidogo, tone, tone, kama vile kuchelewesha kungeongeza maji. Kisha ikaisha. Nikaendelea kuishika juu ikiwa tupu. Hatukuwa tumefika lami aliposema Sista, "Shusha mkono, Bakari."

Tukageuza gari. Njiani tukakutana na Selemani anakuja, kainamia usukani, shati limelowa jasho mgongoni. Alipotuona tunarudi alishuka kwenye baiskeli kabla gari halijasimama. Aliilaza baiskeli mchangani, polepole, kama mtu anayemlaza aliyesinzia.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikwenda kutoa mkono wa pole: Mkuu wa Karakana, Sista Skolastika na mimi. Tulikaa mkekani pamoja na wazee wa kijiji. Mkuu wa Karakana alieleza kwa adabu. Akasema serikali inasikitika, akasema dawa za dripu zilipunguzwa kwa usalama wa chombo, kwa sababu tela lina kiasi chake, na likizidishiwa linaua watu. Alieleza vizuri. Wazee waliitikia kwa vichwa.

Selemani alikuwa amekaa mwisho wa mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, bila hasira, kama mtu asiyeelewa jambo na anataka kulielewa:

"Na ile gari iliyokuwa mbele, nayo ilijaa?"

Mkuu wa Karakana akazigusa kalamu zake mfukoni.

"Nauliza tu," akasema. "Mimi nabeba korosho kwa baiskeli. Nyuma kukijaa, kinachobaki natundika kwenye usukani."

Vijana wangu, nimesimama mbele ya wakubwa wengi, nimetukanwa, nimekatwa siku za likizo. Sijawahi kusikia baridi kama ile iliyoniingia mkekani pale. Kwa maana nilikuwa nimeketi juu ya lile tairi la akiba. Nilijua nafasi iliyokuwepo. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na tairi, mkeka wa dereva, na mahali patupu pa kutosha maboksi sita. Kwa wiki tano nilipima tela kushoto, kulia na puani, na sikugeuza shingo hata mara moja kutazama gari linalolivuta. Mzigo wa tela ulikuwa tatizo langu, nikalitatua ndani ya tela. Mkuu wa Karakana hakufikiri, wala Sista, wala dereva. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mizigo. Wao walinitegemea mimi nifikiri.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Sista Skolastika akaniwahi.

"Haikujaa, kaka yangu," akasema. "Dawa zilikuwa mikononi mwangu. Sikufikiri. Nisamehe."

Selemani akainamisha kichwa. Nami nikafunga mdomo wangu.

Wiki iliyofuata iliandikwa taarifa. Mkuu wa Karakana aliniita ofisini nijaze sehemu ya fundi. "Andika ulivyopima," akasema. "Uzito wote, uzito wa pua. Ulikuwa sahihi au haukuwa?"

"Ulikuwa sahihi, mzee. Lakini mimi ndiye niliyemwambia apunguze."

"Hilo umeulizwa?"

"Sikuulizwa."

"Basi jibu ulichoulizwa."

Nikaandika namba zangu. Zote zilikuwa za kweli. Sehemu ya juu ilikuwa imeshaandikwa na mtu mwingine kwamba muuguzi alipunguza dawa za dharura na hakupanga pengine pa kuzibeba. Nilisoma sentensi hiyo, nikatia sahihi chini yake.

Sista alihamishwa. Alipelekwa zahanati ya mbali, bara, mahali pasipo hata na uchochoro wa kuuita mtaa. Kabla ya kuondoka alikuja karakana kuaga, na mfuko mmoja mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yoyote. Ningependa angenitukana. Aliagana na vijana wote, akanifikia mimi mwisho.

"Usiache kupaka grisi zile bering," akaniambia. "Barabara za Msimbati zina mchanga sana."

"Nitapaka, Sista."

Tukashikana mikono, naye akaenda. Sikumwona tena.

Baada ya hapo ruhusa ya kusogeza ekseli ilipatikana bila taabu, na hakuna aliyeuliza itachukua siku ngapi. Nilikata vishikizo, nikavirudisha nyuma shubiri moja, nikachomelea na kuimarisha kwa bamba za chuma. Tulipopima tena ghalani, na maboksi manne kabatini, pua ilikuwa sabini na mbili. Kazi safi kabisa. Mizani iliposimama, vijana walipiga makofi. Nilitoka nje ya ghala nikajifanya nakwenda haja.

Na kila safari, mpaka tela lile lilipokoma kutembea, maboksi mengine mawili yalikaa garini, nyuma ya kiti cha dereva. Niliyafunga mwenyewe kwa mikanda. Wauguzi waliokuja baadaye walidhani ni kanuni ya wizara, wakaifuata.

Lilifanya kazi miaka mingi kuliko tulivyotegemea. Lilifika Msimbati, likafika Kilambo penye mikoko na njia za chumvi ambayo ilikula ribiti zangu, likarudi Nanyamba na Mpapura kila mwezi. Watoto wengi walizaliwa ndani yake na mama zao wakatembea kurudi nyumbani. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, zahanati zikajengwa vijijini moja moja, na safari zikapungua. Mkuu wa Karakana yule alipandishwa cheo akaondoka. Akaja wa pili, aliyependa magari mapya. Kisha wa tatu, kijana msomi, ambaye aliniita "mzee wangu" na kuniomba nimfundishe kupima tela. Nilimfundisha. Nilipomaliza nilimwambia azunguke alitazame gari pia. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia azunguke tu.

Mwisho plaiwudi ya sakafu ya tela iliachia, chesisi ikaliwa na kutu, na likauzwa kama chuma chakavu. Mwaka uliofuata nami nikastaafu. Walinifanyia chai na mandazi, wakanipa spana moja iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kijana msomi alisema katika hotuba yake kwamba katika miaka yangu yote hakuna tela hata moja nililolitengeneza ambalo lilipinduka. Ni kweli. Watu walipiga makofi, nikasimama na kushukuru.

Mtu akistaafu hupata muda, na muda si kitu kizuri kwa kila mtu. Nilipokuwa kazini nilijiambia kwamba siku moja nitapanda basi niende kumtafuta Sista Skolastika nimwambie lile neno ambalo lilikuwa langu kulisema mkekani. Mwaka huu kulikuwa na mvua, mwaka ule kulikuwa na harusi ya binti yangu, mwaka mwingine magoti yananiuma. Miezi michache baada ya kustaafu nilikutana na muuguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi naye. Nikamuuliza habari zake. "Hukusikia?" akasema. "Tulimzika kwao Songea, mwaka jana."

Nilikaa na habari hiyo mpaka msimu wa korosho ulipokwisha. Kisha nikaenda kijiji kile cha karibu na Mpapura. Selemani alikuwapo, nywele zimeingia mvi, anaanua mihogo mikavu. Hakunitambua. Nikamwambia mimi ni nani, akanitandikia mkeka.

Nilimweleza yote. Kwamba mimi ndiye niliyeamuru maboksi yashushwe, na Sista alikataa kwanza. Kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuona ile nafasi garini. Kwamba aliponiwahi kujibu nilimwacha abebe, na kwenye karatasi nikamwacha abebe tena.

Alinisikiliza kama alivyosikiliza siku ile, mpaka mwisho.

"Yule dada yuko wapi siku hizi?" akauliza.

"Amefariki."

"Ulishamwambia haya?"

"Sikumwambia."

Akaokota kipande cha muhogo kilichoanguka, akakikung'uta vumbi, akakirudisha kwenye ungo. "Mimi sikuwa na deni na wewe, fundi," akasema. "Mimi nilikwisha mwachia Mungu. Neno hili lilikuwa la yule dada."

Nikaokota kipande kingine, nikakiweka kwenye ungo. Kisha akaita upande wa jikoni, akatoka binti wa miaka kumi na kitu, mrefu, mwenye macho yaliyotulia, amebeba birika na bakuli la kunawia. Akapiga goti kunimiminia maji. Nikamwuliza kama anasoma. Akasema yuko darasa la sita. Baba yake akamwambia mgeni ametoka Mtwara, akapakue chakula.

Nikala ugali wa muhogo na mboga ya kunde katika nyumba ile. Nilipomaliza kilichokuwa mbele yangu, binti aliniongezea bila kuniuliza, kwa heshima ambayo watoto huwapa wageni wasiowajua.